Nta Ilipoteremka Ilemba

Kuna maneno katika vitabu vya kazi yangu ambayo nikiyasoma damu inanichemka: "joto la chumba". Nta ya pinki, kitabu kinasema, ni ngumu katika joto la chumba. Chumba cha nani? Sumbawanga mwezi wa saba, asubuhi, karakana yetu ina baridi kiasi kwamba ukiikunja nta hiyo inakatika kama biskuti. Teremka bondeni, huko Ilemba kwa mama yangu, na nta ile ile mchana inalegea yenyewe juu ya meza na kubaki na alama ya kila kidole kilichoigusa. Mwandishi wa kitabu alikaa chumba kimoja maisha yake yote, nadhani. Sisi tunaoishi huku juu na ndugu zetu wanaishi kule chini hakutufikiria hata kidogo, na mpaka leo sijamsamehe.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Sing'oi, sizibi, wala siingizi mkono kinywani mwa mtu. Hiyo ni kazi ya daktari mwenye kliniki. Mimi nakaa chumba cha nyuma, naletewa alama ya kinywa, namwaga plasta, inapokauka napata taya la mtu mezani kwangu, ndipo naanza. Sehemu kubwa ya kazi ni kujua kitu gani kinalainika lini na kinayeyuka lini. Nta ya pinki inalainika kwenye joto la maji ya kuogea. Nta ya kunatia, ile ya manjano, inataka karibu digrii sabini. Fedha inayeyuka ikipita mia tisa na sitini, dhahabu ikipita elfu moja na sitini, na mchanganyiko wa kobalti na kromu ambao natengenezea vyuma vya kushikia meno unataka karibu elfu moja na mia nne. Ukifika hapo usizidishe, maana ukiuacha utokote umeuharibu. Haya nimeyabeba kichwani kama watoto wanavyobeba jedwali la kuzidisha, na watu wa nyumbani hunicheka kwamba nawajua kobalti na kromu kuliko ninavyowajua binamu zangu.

Mwaka mmoja, mdogo wetu wa mwisho alikuwa anapewa upadre. Asiyekulia huku kwetu Ufipa hawezi kuelewa jambo hilo lina uzito gani. Ukoo mzima unahama. Mama wa padre anashonewa nguo, anawekwa kiti cha mbele, na mikono ya padre mpya ikishapakwa mafuta, yeye ndiye anayepewa baraka ya kwanza. Baadaye, kwenye chakula, anasimamishwa aseme neno, na watu wanautazama ule mdomo uliomwimbia padre alipokuwa mchanga.

Mama alisema hatakaa mbele.

"Nitakuja," alisema. "Lakini nitakaa nyuma, na wanawake wenzangu wanaopika."

Sababu tuliijua sote. Meno yake ya juu, ya mbele yote, yalikuwa yamekwisha. Yalibaki magego machache tu huku na huku. Kwa miaka mingi alikuwa akizungumza na ncha ya kanga mdomoni. Aliacha kula na watu. Msibani alipika, akapakua, akagawa, kisha wenzake wakikaa mkekani kula yeye humwoni, ameenda kuangalia maji, ameenda kutafuta kuni. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka mpaka akashika nguzo, na sasa alikuwa anapanga kujificha jikoni siku kubwa kuliko zote za maisha yake. Nikaapa kwamba hatajificha. Nitamtengenezea meno kabla ya siku hiyo, na atakaa mbele.

Nikae niseme na hili, maana ndilo linalonikera zaidi. Meno ya mama hayakutoka yenyewe. Yaling'olewa, moja baada ya jingine. Popote alipokwenda na jino linalouma palikuwa na sindano na koleo, basi. Jino likiuma, ling'oe. Jirani yake likianza kuuma, ling'oe nalo. Akarudi nyumbani na pamba mdomoni na kila mtu akamwambia pole, na kesho yake akaenda shambani kwenye mpunga. Nilipofika chuoni ndipo nikajifunza kwamba fedha hiyo hiyo inayodai moto wote ule ili iyeyuke, ukiisaga unga pamoja na bati na shaba kidogo, ukaichanganya na zebaki, inakuwa laini kama unga wa chapati uliokandwa, unaishindilia kwenye tundu la jino, na inakauka humo humo kinywani. Haihitaji moto. Haihitaji tanuri wala umeme. Siku hizi kuna na dawa nyeupe za kuzibia, nazo hazihitaji moto pia. Siku nilipofundishwa jambo hilo niliinamisha kichwa juu ya dawati nikalia kwa hasira, na mwalimu akadhani naumwa.

Lakini meno yaliyong'olewa yameng'olewa. Nikaanza kazi niliyoiweza.

Mama alipanda Sumbawanga, daktari akachukua alama ya kinywa chake, akarudi bondeni haraka kwa sababu kipupwe cha huku juu kinambana kifua. Nikatengeneza kwanza umbo la chuma kwa nta, jembamba, lenye vikono vya kushika magego yake yaliyobaki. Nikalifunika kwa udongo maalumu ndani ya pete ya chuma, nikaliweka kwenye tanuri ili nta iungue na kutoka yote, ibaki nafasi tupu ya kumwagia chuma. Tanuri lilipokuwa limeshika moto vizuri, umeme ukakatika. Udongo ukapoa kabla ya wakati ukapasuka. Nilitukana, sitaficha. Nikaanza upya, na mara ya pili umeme ulikaa. Nikawasha mtungi wa gesi na wa oksijeni, nikaelekeza moto kwenye vipande vya kobalti na kromu ndani ya kijungu, nikavitazama kupitia miwani nyeusi vikiwa vyekundu, vikiwa rangi ya chungwa, vikipoteza pembe zake na kukaa pamoja kama tone moja. Hapo hakuna kungoja. Nikaachia mashine ya kurushia chuma, mkono wake ukazunguka, chuma kikarushwa ndani ya ule udongo. Kilipopoa nikakivunjia udongo nikakuta kimejaa mpaka kwenye ncha za vikono. Nilikibusu, bado kikiwa na vumbi.

Juu ya chuma hicho nikapanga meno kwa nta ya pinki. Hatua hii ni ya kujaribu tu. Meno yanakaa kwenye nta ili daktari ayapime kinywani, aone kama yanaumana vizuri na kama uso umekaa; yakikubalika ndipo nta inatolewa na mahali pake panawekwa plastiki ngumu. Kitu cha nta si cha kutafunia, si cha kunywea chai, si cha kuonyesha wageni. Ni kama nguo iliyoshikizwa kwa pini.

Daktari alisema niyapange yakiwa yamegusana, bila nafasi katikati. Nikamwambia mama alikuwa na mwanya. Akasema mwanya kwenye meno ya bandia unapitisha upepo, mama atapiga mluzi kila akisema "Yesu". Nikayapanga kama alivyotaka.

Mpango ulikuwa daktari ashuke Ilemba, ambako huwa anakwenda kuona wagonjwa mara moja moja, ayajaribu meno huko huko ili mama asipande tena kwenye baridi. Kaka yangu anaendesha lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini, na alikuwa anashuka bondeni kuchukua mpunga. Nikampa kiboksi. Nilikifunga kwa gundi, nikaandika USIFUNGUE, nikamwambia akiweke mbali na injini, akifika akiweke chini ya mtungi wa maji, penye ubaridi, na mtu asikiguse mpaka mimi na daktari tufike.

Gari la daktari likaharibika. Tukachelewa siku kadhaa.

Tulipoingia uani kwa mama nilisikia kwanza sauti ya shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Mkono mmoja ulishika kisu cha mezani ambacho ncha yake ilikuwa imepakwa kitu cha pinki. Mkono wa pili ulishika meno ya mama yangu. Kaka, mke wake, wajomba wawili na majirani walikuwa wamekaa kuzunguka kama wanaamua kesi. Mama alikuwa pembeni, kanga mdomoni.

Shangazi alikuwa anapasha kisu kwenye mkaa, anakichomeka kwenye nta kati ya meno mawili ya mbele, anayasukuma.

"Shangazi, unafanya nini!" Nilipiga kelele hata sikumwamkia. Sikuwa nimewahi kumpigia kelele mtu mzima vile.

Hakushtuka. "Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo. Unafanya nini?"

"Marahaba. Naweka mwanya. Mmesahau."

Nikamnyang'anya. Nta yote ilikuwa imelegea, nusu kwa kisu chake na nusu kwa joto la mchana. Jino moja la mbele lilikuwa limegeuka linatazama nje, mengine yameinama, na kote kulikuwa na alama za vidole, maana nyumba nzima ilikuwa imeyashika na kuyapitisha mkono kwa mkono. Mjomba mmoja alikiri aliyajaribu, yakamkataa. Kumbe kiboksi kilifunguliwa jioni ile ile kilipofika. Katika ukoo wetu hakuna kitu cha mtu mmoja kisichopita kwanza kwenye kikao. Mahari inakaliwa kikao, jina la mtoto linakaliwa kikao, bati la nyumba linakaliwa kikao. Iweje meno ya mama wa padre yaingie kinywani kimyakimya? Wakayakalia kikao. Wakaona ni meupe mno. Wakaona hayana mwanya. Shangazi akaagiza jiko.

Nyuma yangu nikasikia daktari anacheka. Alikuwa ameshika tumbo anacheka mpaka machozi, na hapo nilitamani nimrushie hilo jiko.

"Omba radhi kwa shangazi," kaka akaninong'oneza.

"Siombi. Mnajua nimefanya kazi kiasi gani? Mnajua chuma hiki nilikiyeyusha kwa moto wa namna gani? Niliandika usifungue! Wewe hujui kusoma?"

"Mimi najua kusoma," kaka alisema. "Ila shangazi ndiye aliyesema tufungue."

Shangazi akaweka kisu chini, akajifuta mikono. "Sikiliza, mwanangu. Kaka yangu alipotuletea mama yako hapa nyumbani, sisi dada zake tulikwenda kumtazama. Hatukutazama mguu wala rangi. Alicheka, tukaona mwanya, tukasema huyu ndiye. Sasa wewe umesoma, unatuletea kinywa cha mwanamke mwingine tumweke mbele ya askofu. Tutamwambia nani kwamba huyu ni mama wa padre?"

Ningemjibu vibaya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ila mama akateremsha kanga, mbele ya majirani na mbele ya daktari, akasema, "Mimi nataka mwanya wangu."

Daktari akaacha kucheka. Hakuna aliyekuwa amemuuliza mama. Si yeye, si mimi, si hata shangazi na kikao chake chote. Nilizidi kukasirika kwa sababu sasa sikujua nimkasirikie nani.

Basi nikakaa kwenye kigoda cha shangazi, nikaomba kisu kidogo na maji ya mtungini. Nta ya bondeni haitaki kukauka. Unaiyeyusha, unalisimamisha jino, ukigeuka kutazama la pili, la kwanza limeshainama kama mlevi. Nikawa napasha kisu, naweka jino, nachovya umbo lote kwenye maji ya mtungi, nafunika kitambaa kibichi, nangoja, ndipo naenda kwenye jino la pili. Nilikuwa nagomba muda wote. Niligombana na nta, na mkaa, na nzi, na yule bwana wa joto la chumba. Shangazi alishika bakuli la maji na kunibadilishia kila yalipopata uvuguvugu, na hiyo kwa shangazi ni radhi tosha. Daktari alipima, akaangalia meno yanavyoumana, akamwambia mama aseme "Yesu". Mluzi ulisikika, kwa mbali. Mama akasema Yesu mwenyewe hatachukia.

Safari ya kurudi juu nilikishika kiboksi mapajani, ndani ya ndoo yenye maji baridi, na kwenye ile milima ya kupanda nilimkataza daktari asiseme nami. Nikatoa nta, nikaweka plastiki mahali pake, nikaichemsha kwa saa nyingi kuliko kitabu kinavyosema, maana huku juu maji yanatokota kabla ya kufika digrii mia na kitabu hilo nalo hakilijui. Nikasugua, nikang'arisha. Meno yakaingia kinywani mwa mama siku chache kabla ya sherehe, na vikono vya chuma vikashika magego yake kwa mlio mdogo wa kukubali.

Kaengesa, mahali pa sherehe, siku hiyo palijaa watu. Magari yalipaki mpaka mashambani. Mama alikaa mbele, amevaa kitenge chekundu kilichoshonwa na shangazi, na mdogo wetu alipomwekea mikono kichwani mama alilia na kucheka kwa pamoja, kinywa wazi kabisa. Kwenye chakula alisimama akasema neno. Alisema refu mno. Alisimulia jinsi padre alivyoiba sukari akiwa mdogo, askofu akacheka, na mama akacheka mpaka akashika meza kwa kukosa nguzo. Kisha akakaa, akala nyama. Nyama! Mbele za watu! Nilikuwa nimekaa meza ya tatu nikimtazama anavyotafuna, na sikumbuki kama mimi mwenyewe nilikula. Watu walinijia kunishika mkono. Daktari, aliyealikwa na kukaa karibu na wazee, alininyooshea kidole gumba.

Ndipo binti wa kaka yangu, yuko darasa la nne, akapita kati ya meza ameshika shavu, akaenda kwa bibi yake.

"Nini wewe?" mama akamuuliza.

"Jino, bibi. Linauma nikitafuna."

Mama akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akatazama. "Limetoboka. Usijali. Kesho baba yako akupeleke wakaling'oe."

Mtoto akaanza kulia.

"Unalia nini?" Mama akaninyooshea kidole. "Shangazi yako yuko pale. Likitoka hilo atakutengenezea jingine zuri zaidi. Huoni ya bibi?" Na mama akamchekea yule mtoto kwa meno yangu yote, mwanya katikati. Meza nzima ikafurahi. Mtu mmoja akasema kweli, siku hizi wala hakuna haja ya kuhangaika na jino bovu, fundi tunaye nyumbani.

Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Nilisikia wazi kila kitu nilichokuwa nimefanya kikigeuzwa kuwa sababu ya koleo. Moto wote ule, nta yote ile, ili mtoto wa miaka tisa ang'olewe gego la ukubwani na watu wapige makofi.

"Halitang'olewa," nilisema. "Jino hilo linazibwa. Linasafishwa tundu, linazibwa, linaishi."

"Mwanangu, leo ni siku ya mdogo wako," mama alisema. "Hasira za nini?"

"Za meno yako, mama! Hayo unayochekea ni chuma na plastiki. Yako yalikuwa na matundu tu, kama hili la mtoto. Yangezibwa."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Tangu siku ile ya chuoni nilikaa nalo moyoni, kwa sababu nilijiuliza nikimwambia itamsaidia nini. Sasa nilikuwa nimelitamka mbele ya ukoo, mbele ya padre mpya, kwenye sherehe yake, na nilitamani kulirudisha.

Mama alikuwa bado amemshika mtoto kidevu.

"Yangezibwa," alisema. "Lipi?"

"Mengi yake."

"Na la kwanza? Lile walilong'oa nikiwa na mimba ya huyu padre?"

 Mama akamgeukia daktari, akamuuliza yeye. Daktari akaweka mfupa kwenye sahani, akasema taratibu, "Sikuliona hilo, mama. Lakini kwa kawaida, ndiyo. Yanazibika."

Nilidhani atalia. Nilianza kumwendea. Lakini uso wa mama ulikuwa umekaza, na niliiona hasira ambayo miaka yote hiyo nilidhani ni yangu peke yangu, ikimpanda yeye, shingoni mpaka kwenye macho. Alisimama kutoka kwenye kiti chake cha heshima. Akamwambia askofu, "Baba, utanisamehe." Akamshika mjukuu mkono, akachukua na mkono wa daktari, ambaye alikuwa bado hajanawa, akamwinua.

"Nyama haijaisha, mama," kaka alisema.

"Washa gari, twende kliniki," mama akamwambia.